Ufuate Mzigo

Kibanda cha kreni yangu kina sakafu ya kioo.
Mita arobaini na mbili chini ya viatu vyangu
ni gati la Sohar, saa kumi na moja alfajiri,
na watu kama bizari nzima iliyomwagika.

Ninasema haya nikiwa na leseni mfukoni.
Mwaka juzi nilikikumbatia kiti,
miguu nimeikunja isiguse kioo,
nasoma Ayatul Kursi mbio mbio hadi maneno yakagongana.

Mtihani wa kwanza nilibamiza kontena la matairi
ubavuni mwa meli. Mlio ule
ulisikika hadi jikoni kwetu, naapa.
Wa pili sikubamiza kitu, maana sikunyanyua kitu.
Dakika ishirini nimeshika vifimbo viwili,
na Biju redioni, kwa Kiarabu chake cha Kerala:
"Dada, upo? Dada?"
Nilikuwepo. Ndiyo iliyokuwa taabu.

Ami Ghasani akaninasihi: "Uwe na moyo wa chuma."
Ami yangu hajawahi kufanya kazi bandarini.
Chuma cha hapa nakijua mimi:
mwezi wa saba hukigusi bila glavu,
na chumvi hukila polepole, usiku na mchana,
kama mtoto anayemung'unya mfupa.
Wapo watu wanalipwa kukikwangua kutu tu.

Mwalimu Suweilim hakutaja moyo.
Mtu mfupi, ananuka karafuu na dizeli,
alisimama nyuma ya kiti changu akamenya chungwa.
Upepo ukaja, mzigo ukaanza kuyumba,
mikono yangu ikavuta nyuma, nyuma,
nao ukazidi, ukaenda, ukarudi,
tani ishirini na nane, na za ziada nilizoongeza mwenyewe.
"Unaukimbia," akasema. "Ufuate.
Ukienda kulia, nenda nao kulia,
uwe juu yake pale unapochoka,
kabla haujageuka. Hapo simama."
Akanipa kipande cha chungwa.

Nikaufuata. Vibaya.
Mara ya arobaini, labda ya hamsini,
nyaya zikanyooka zenyewe
kama mtu aliyekumbuka alichokuwa akikitafuta.

Hofu haijahama. Kila zamu tunapanda pamoja
ngazi mia mbili na tatu, naiamkia,
naiuliza leo inaelekea wapi.

Lakini sikukaa kuandika kwa ajili ya makontena.

Jua likitua mama huanza.
Bi Zayana, aliyetulea saba kwa Kiswahili cha Wete
katika mtaa wa watu wasiokijua,
sasa husimama mlangoni na mkoba,
anataka kwenda kwao, mvua isimkute njiani.
Tangu mwezi wa pili hatujaona tone.
Miezi mingi nilimvuta nyuma:
Mama, hapa ndipo kwenu. Mama, kaa. Mama, baba alishakufa.
Kikombe kikaruka ukutani.
Kucha zake ninazo mkononi hadi leo, alama nne.

Mchana nashusha meli nzima bila mkwaruzo.
Jioni nabamiza.

Juzi nilivaa viatu.
"Haya, twende," nikamwambia.
Tukapita duka la yule Mbaluchi, tukapita gereji,
ananionyesha mikarafuu isiyokuwapo,
nami nauliza, ile ya nani? Na ile?
Akanitajia wenyewe, mmoja mmoja, na madeni yao.
Karibu na mzunguko wa barabara
hatua zake zikafupika. Akautazama mkoba.
Nikasimama papo hapo, ubavuni mwake, kimya,
magari yakitupita na taa zao.

"Mbona tumekuja mbali hivi?" akauliza.
"Na wewe kesho una zamu."